King'ora cha Mama Bonareri

Mama Bonareri aligundua ameibiwa akiwa bado na machozi ya msiba wa jirani mashavuni. Ilikuwa Ijumaa alasiri, mtaani Suna, mjini Migori. Mwili wa mzee Javan ulikuwa umefika muda mfupi uliopita kutoka mochari ya Homa Bay, na Bonareri, ambaye nyumba yake imepakana na ya marehemu, alikuwa amekimbilia kwake kuchukua chupa za chai. Akakuta kitasa cha mlango wa nyuma kimeng'olewa. Kabati la chumbani lilikuwa wazi, na kopo dogo lenye dhahabu alilolificha chini ya vitambaa vya meza halikuwepo. Ukutani kwenye korido, sanduku la kengele ya wezi lilikuwa likitoa mlio mwembamba, pii, pii, huku kitaa chake cha njano kikiwaka.

King'ora chenyewe, kile cheupe kilichofungwa nje chini ya paa Jumatano ya wiki hiyohiyo, kilikuwa kimya. Uwanja wa jirani ulikuwa umejaa waombolezaji, na kila aliyeulizwa alisema hakukisikia. Watu wakaanza kunung'unika kwamba fundi amefunga pambo.

Aliyetumwa kupeleleza ni Sajini Robi, mwanamke wa Kikuria mwenye miguu mirefu na vidole visivyojua kutulia. Alikuwa na kalamu ya kubofya, na akifikiri aliibofya mpaka wenzake wakahama meza. Siku hiyo aliibofya kuanzia getini. Kifuniko cha sanduku la kengele kilikuwa kimefunguliwa, na nyaya mbili za king'ora, nyekundu na nyeusi, zilining'inia. Hazikukatwa. Skrubu zake zilikuwa zimelegezwa vizuri, kwa utaratibu. Juu ya sanduku palikuwa na bisibisi ndogo ya mpini wa kijani, na Bonareri, kwa sauti ya mtu asiyependa anachosema, akakiri kwamba ni ya Zablon Maranga, fundi aliyefunga king'ora.

Kabla jua halijazama Zablon alikuwa ndani. Mkubwa wa Robi kituoni aliona kesi imejimaliza yenyewe: fundi kaacha king'ora hakijafungwa makusudi, kangoja watu wawe msibani, kaingia. Akaagiza Jumatatu asubuhi afikishwe mahakamani. Robi hakupinga, lakini hakukaa pia. Alisimama kwenye chumba cha mahojiano, akamtazama Zablon, kijana mwembamba aliyevaa ovaroli ya buluu, mwimbaji wa besi katika kwaya ya kanisa la Kiadventista ambako Bonareri naye anaimba.

"Nani alifunga hizo waya?"

"Ni mimi, afande. Nyekundu kwa chanya, nyeusi kwa hasi. Hiyo king'ora ukigeuza waya hailii, kwa hivyo niliangalia na nikarudia kuangalia."

"Na uliijaribu?"

"Kidogo tu. Hapo kwa jirani kuna msiba. Nikiiacha ilie, si watasema nawachezea? Niliigusa ikalia, nikazima."

Robi akauliza ni nani aliyeisikia. Zablon alisema Bonareri alikuwa dukani kwake sokoni. Aliyekuwepo ni Levi, kifungua mimba wa marehemu, aliyekuja kuazima viti vya matanga. Levi alimshikia ngazi, akamtazama akiunganisha nyaya, tena akacheka akisema king'ora hicho kinalia kama cha gari la maiti. Bisibisi aliisahau, yeye husahau vifaa kila nyumba, hata wateja wake humtania kwamba wana vifaa vyake vingi kuliko yeye.

Kisha akasema jambo lililomfanya Robi aache kubofya kalamu. "Afande, ukitoa waya za king'ora, sanduku linajua. Linawasha taa ya njano na kulia pii pii mpaka uzirudishe. Muulize Mama kama Alhamisi alilala na hiyo kelele. Halafu namba za siri ninazo, mimi ndiye niliziweka. Mtu mwenye namba anabonyeza tu, kengele inalala. Nihangaike na skrubu ya nini?"

Robi alimpelekea mkubwa wake maneno hayo. Mkubwa alijibu kwamba mwizi mwerevu huacha dalili za mtu mjinga. Akauliza Zablon alikuwa wapi Ijumaa mchana. Alikuwa Oyugis kutafuta waya za kamera, alitoka peke yake, akarudi peke yake, na duka alilokwenda alikuta limefungwa. Hakuna wa kumshuhudia. Robi alitoka ofisini akiwa na hasira ambayo hakujua aielekeze wapi. Fundi wa kengele si kama fundi wa viatu. Watu humfungulia vyumba vya ndani, humwonyesha mlango upi haufungi vizuri. Akishasimamishwa kizimbani Jumatatu, hata akiachiliwa mwaka ujao, nani atamwonyesha tena?

Jioni ileile alirudi msibani. Alianza na Levi, aliyekuwa akipanga viti chini ya hema. Levi alikuwa mtu mzima wa sauti ya upole, amevaa koti zito jeusi, na ingawa jasho lilimtiririka hadi shingoni hakulivua. Robi alimpa pole, akamuuliza kama alisikia king'ora cha jirani.

"Ningeisikia aje, afande? Nilikuwa ndani ya gari, nimekaa na mwili wa baba. King'ora ya gari imelia tangu Homa Bay mpaka hapa kwa geti."

Jibu lilikuwa la maana. Mwili haurudi nyumbani peke yake. Lazima mtu wa damu akae nao, na nani zaidi ya kifungua mimba. Robi akalipokea, akaenda jikoni.

Huko alimkuta Millicent, jirani wa upande wa pili na mkuu wa masufuria ya msiba wote, akisugua sufuria kubwa kwa majivu na kulaani. Alimwona Robi akamwita nyar Kuria, binti wa Wakuria, akamuuliza kama huko kwao polisi hawalishwi, mbona mwembamba hivyo. Robi akacheka, akauliza sufuria imefanyaje.

"Maharagwe yameungua. Tulisikia king'ora, tukajua mwili umefika, tukaacha moto tukakimbia barabarani tukilia. Wanaume na matawi yao mbele, sisi nyuma. Hapa nyumbani hakubaki hata kuku. Tukasimama, tukalia, king'ora ikanyamaza, gari hakuna. Pikipiki zikaja zikipiga honi, gari hakuna. Nikasema nirudi nigeuze maharagwe, wakaniambia ngoja, iko hapo tu. Wakati gari ilitokea, maharagwe yalikuwa makaa."

"Na Mama Bonareri alikuwa wapi?"

"Si hapo kando yangu. Alilia kushinda hata sisi."

Robi hakulala vizuri. Kulikucha Jumamosi, siku ya Sabato. Alizunguka nyumba akiwa na kikombe cha chai kilichopoa, akiwaza maharagwe. Maharagwe hayaungui kwa muda mfupi, hasa sufuria ikiwa kubwa kama ile. King'ora cha gari kilicho karibu kiasi cha kuwatoa wanawake jikoni kinawezaje kuchukua muda wote huo kufika?

Lakini palikuwa na jambo la kwanza la kumaliza. Alimngoja Bonareri nje ya kanisa. Tangu Ijumaa alihisi mama huyo anameza maneno, na kila alipoulizwa kuhusu dhahabu alijibu kwa kifupi huku akirekebisha kitambaa cha kichwa. Sasa Robi alimwambia waziwazi kwamba anajua kuna kitu anakificha, na kwamba kijana wa kwaya yake amelala seli usiku ule. Bonareri alimvuta pembeni, mbali na waumini.

"Ungeniuliza jana ningekudanganya," alisema. "Leo ni Sabato, sitaki kusema uongo. Ile dhahabu si yangu. Ni ya Javan. Amechimba maisha yake yote, akaiweka kidogo kidogo kwangu. Alisema akizikwa, nisimame mbele ya wazee niseme ni ya Susana, binti yake, kwa sababu ndiye alimuuguza. Akaniapisha nisifungue mdomo kabla ya kaburi kufunikwa. Sasa nitawaambia nini kesho? Watasema nimekula dhahabu ya maiti."

"Nani mwingine alijua?"

"Javan aliniambia hakumwambia mtu. Lakini alikuwa mgonjwa, na mgonjwa anasema mengi hospitalini. Levi alikuwa akienda kumwona huko Homa Bay."

Robi akauliza kuhusu sanduku: je, Jumatano na Alhamisi lilikuwa likilia pii pii? Bonareri akatikisa kichwa. Lilikuwa kimya, na kitaa kilikuwa cha kijani. Kwa hiyo nyaya zilikuwa mahali pake hadi Ijumaa. Na wakati wa wizi nani alikuwa na namba za siri? Yeye na Zablon tu.

Mchana huo Robi alikuwa Rangwe, kwenye barabara ya Homa Bay, nyumbani kwa Jeremiah, dereva wa gari la maiti. Alimkuta ameinamia gari lake, boneti juu, akitukana fyuzi. Robi hakuhitaji hata kuuliza swali zuri. Jeremiah alianza mwenyewe kuomba radhi, akidhani familia imemshtaki. King'ora kilikuwa kimelipiwa, alijua, lakini kilikufa mara tu baada ya kupita Awendo. Alisimama kona ya kuingia Suna akajaribu kubadilisha fyuzi, ikaungua nayo. Pikipiki zilizokuja kuwalaki zikachoka kungoja, zikatangulia na honi zao. Mwishowe aliingia kimya kimya, kama anapeleka mboga.

"Hakikulia kabisa Suna?"

"Hata kidogo, afande. Niliona aibu. Watu walikuwa wamejaa barabarani wakilia, nikasema basi, kilio chao kinatosha."

"Ndani ulikuwa na nani?"

"Yule dada, Susana, na mwili. Kaka yake tulitoka naye Homa Bay, lakini alishuka Awendo. Akachukua pikipiki, akasema anatangulia kuangalia mahema."

Robi alikaa kwenye jiwe kando ya gari. Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa vidole vyake vilitulia. Kisha akasimama ghafla, kwa sababu kujua ni jambo moja na kuwaaminisha watu ni jingine. Alichokuwa nacho ni neno la dereva dhidi ya neno la mfiwa, na mkubwa wake alikuwa tayari ameshaandaa mashtaka.

Mazishi yalikuwa Jumapili. Kaburi lilipofunikwa, ndugu wakaketi chini ya hema kusikiliza maneno aliyoyaacha marehemu, na kaka mkubwa wa Javan, mzee mwenye kofia ya manyoya, akaongoza. Robi alikuwa ameomba ruhusa yake asubuhi. Alikuwa pia amemtoa Zablon seli kwa dhamana ya jina lake mwenyewe, jambo ambalo mkubwa wake alimwambia atalijutia. Watu walimwona fundi akipita na pingu pamoja na konstebo kuelekea nyumba ya Bonareri, wakamsindikiza kwa macho mabaya. Millicent alisonya.

Bonareri alisimama kwanza. Alisema yote kwa pumzi moja: kopo, kiapo, Susana, wizi. Mnong'ono ulipita hemani. Susana, mwanamke mtulivu aliyekuwa ameketi chini na shali kichwani, alimtazama kana kwamba ameambiwa habari za mtu mwingine. Mtu nyuma akauliza kwa nguvu mbona dhahabu ilipotea siku mwenyewe aliporudi. Bonareri akaketi.

Robi alikuwa na simu mkononi. Alibonyeza mara moja, akairudisha mfukoni.

King'ora kililia. Kililia kwa nguvu, kikipanda na kushuka, juu ya hema na kaburi jipya. Hema zima likageuka kutazama barabarani. Wanaume walinyanyuka kwenye viti. Millicent alishika kichwa akauliza kwa sauti ya kukata tamaa, ni nani tena amekufa. Bonareri mwenyewe alikuwa amegeuza shingo kutafuta gari.

Mtu mmoja tu hakutazama barabarani. Levi alikuwa ameinua uso, akitazama paa la nyumba ya Bonareri.

King'ora kikanyamaza. Levi alishusha macho akakuta ya Robi yanamngoja.

"Levi," Robi alisema bila kupandisha sauti, "hebu waambie wazee ulichoniambia Ijumaa. Mwili wa baba ulifikaje?"

Levi aliwageukia wazee. Hakuwa na njia nyingine ila kurudia. "Nilikuwa kwa gari na baba. King'ora ililia mpaka hapa kwa geti."

Susana alishusha shali. "Omera," alimwita, ndugu yangu, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Ile ya gari ilikufa Awendo. Ulikuwa umeshashuka. Nimekuja na baba peke yangu, na tuliingia kimya. Niliona uchungu sana, hata king'ora hakupata."

Robi ndiye aliyeeleza, akitembea huku na huku kati ya viti. Ijumaa mtaa mzima ulisikia king'ora, na kwa kuwa mtaa mzima ulikuwa ukingoja mwili, kila mtu alisikia gari la maiti. Kilikuwa cha Bonareri, hichohicho walichokisikia sasa hivi baada ya fundi kurudisha nyaya na kungoja simu yake Robi. Kililia kama kilivyofungwa, fundi hakukosea hata waya mmoja, na mwenye nyumba alisimama barabarani akililia king'ora chake mwenyewe. Mwizi hakuwa na namba za siri, kwa hiyo hakuwa Zablon. Mwizi huyo alijua kengele italia, na alijua tangu Jumatano, akiwa ameshika ngazi, kwamba mlio wake unafanana na wa gari la maiti. Basi akapanga kuuficha mlio mmoja ndani ya mwingine. Alishuka Awendo, akaja kwa pikipiki, akajificha nyuma. Aliposikia honi za pikipiki kwa mbali akadhani msafara umefika na king'ora cha gari kinafuata, akavunja mlango. King'ora kikalia juu ya kichwa chake. Akachukua kopo, akachukua bisibisi aliyoisahau fundi, akafungua nyaya alizoonyeshwa.

"Na kwa sababu kile cha Bonareri kilimziba masikio," Robi alimaliza, "hakujua kwamba kile kingine hakikulia kabisa. Alisikia alichotarajia, kama ninyi nyote. Aliporudi barabarani kulipokea jeneza, kila mtu aliamini ametoka garini. Naye akaniambia habari za king'ora ambacho hakikuwepo."

Mzee mwenye kofia ya manyoya alimgeukia Levi. "Vua koti," alisema.

Levi hakulivua. Aliingiza mkono ndani ya bitana, akatoa kopo dogo la bati lililofungwa kwa mpira, akaliweka juu ya meza ya wazee. Halafu akaongea na dada yake tu, kana kwamba wengine hawapo.

"Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake. Aliniambia kwa mdomo wake, dhahabu iko kwa Mama Bonareri na ni ya Susana. Mimi ndiye kifungua mimba wake, nyamera, dada yangu. Mbele ya watu wote hawa Mama Bonareri angesimama kusema baba ameniruka. Singeweza kukaa kwa kiti hii nikisikia hiyo."

"Sasa wamesikia zaidi," Susana alisema. Alikuwa akilia, lakini hakulinyanyua kopo. "Ungebaki tu nasi garini. Baba alikuwa akikuulizia mpaka mwisho."

Konstebo alipomfungua Zablon pingu na kuzihamishia kwa Levi, hakuna aliyepiga makofi wala kushangilia. Watu walitazama chini kwa haya, hasa wale waliosonya. Bonareri alimfuata Zablon hadi getini akitaka kumwomba msamaha, akashindwa, akamshika tu mkono wa ovaroli. Robi alikwenda kumpigia mkubwa wake simu, na njia nzima alibofya kalamu kwa furaha.

Jumatatu asubuhi, saa ambayo angekuwa kizimbani, Zablon alikuwa juu ya ngazi ileile. Bonareri alitaka king'ora kibadilishwe mlio, na Zablon alimweleza kwamba kuna waya wa tatu, mwembamba wa njano, ambao yeye aliufunga kwa utepe Jumatano akidhani hautahitajika. Ukiunganisha huo, sauti inakuwa ya kukatika katika, kama kuku aliyekanyagwa. Robi, ambaye alidai amepita tu, alishika ngazi.

"Safari hii usiiguse tu," Bonareri alisema. "Iache ilie mpaka wachoke."

Zablon akaiacha. Mlio mpya, mbaya kupindukia, ulijaa mtaa mzima. Robi aligeuka kutazama barabara. Hakuna aliyekimbilia huko. Milango ilifunguka mmoja baada ya mwingine, na watu wakaja wakikimbia moja kwa moja kwenye ua wa Bonareri, Millicent mbele na mwiko mkononi, Susana nyuma yake na jembe.

"Nani ameingia?" Millicent alipaza sauti kushinda kelele. "Nani yuko hapo juu?"

Zablon alizima king'ora. Aliwatazama kutoka kwenye ngazi, wote waliomtazama vibaya jana.

"Ni mimi fundi, mama."

"Aa," Millicent alisema, akashusha mwiko. "Ukimaliza hapo ushuke uje kwangu. Mlango wangu wa nyuma haufungi vizuri."